Tabia Ndogo za Mwenzi Wako: Uzivumilie au Uzirekebishe?



Siku ulipofunga ndoa uliulizwa maswali mazito. Uliulizwa kama umekuja kwa hiari yako, kama uko tayari kumpenda na kumheshimu mwenzako maisha yako yote, kama uko tayari kuwapokea watoto. Hakuna aliyekuuliza kama uko tayari kuishi na mtu asiyeweza kulala mpaka atikise kufuli la mlango mara tatu. Hakuna aliyekutahadharisha kwamba mkeo hawezi kunywa chai ila kwa kikombe kimoja tu, kile cha bati kilichobanduka rangi, na kwamba kikikosekana atazunguka jikoni akikitafuta huku chai ikipoa. Wala hukuambiwa kwamba mumeo husoma gazeti kuanzia ukurasa wa nyuma, kisha hulikunja mara nne na kuliweka chini ya mto wa kiti, na ole wake atakayelihamisha.

Mambo hayo uliyajua baadaye. Mwezi wa kwanza ulicheka. Mwaka wa kwanza ulimsimulia dada yako nanyi mkacheka pamoja. Mwaka wa kumi, ukisikia kufuli likitikiswa mara ya tatu, unauma meno gizani na kujiuliza: "Nitavumilia mambo haya hadi lini?"

Usione aibu kwa swali hilo. Wengi wanalo, ila hawalisemi kwa sababu linaonekana dogo mno. Mtu anaweza kuwaendea wasimamizi wake wa arusi na kuwaambia kwamba bwana yake anamaliza mshahara kwenye kamari. Atawezaje kuwaendea na kusema kwamba bwana yake hugonga kijiko kwenye kikombe mara saba kila asubuhi? Atachekwa. Basi hunyamaza, na kero hubaki moyoni. Haba na haba hujaza kibaba, na siku kibaba hiki kinapomwagika, watu hushangaa kuona ugomvi mkubwa umezuka kwa sababu ya kijiko.

Kwa hiyo tulitazame swali lenyewe bila mzaha. Je, nina haki ya kumtaka mwenzangu aache jambo lisilo kosa, kwa sababu tu linaniudhi? Na yeye, je, ana haki ya kunijibu, "Ndivyo nilivyo, ulinikuta hivi"?

Neno moja, maana mbili

Tuanze na neno lenyewe, kwa maana hapo ndipo ugomvi mwingi unapoanzia. Kwa Kiswahili tunasema mtu ana tabia ya kukuna kidevu akifikiri. Tunasema pia kwamba mtu fulani ana tabia mbaya, yaani si mwaminifu, au ni mkatili. Neno ni lile lile. Lilitoka katika Kiarabu, na asili yake ni maumbile ya mtu, jinsi alivyo.

Sasa mke anamwambia mumewe, "Nimechoka na tabia yako." Yeye anawaza kijiko. Mume anasikia kwamba mkewe amechoka naye, yeye mzima, na jinsi alivyo. Anajibu kwa ukali unaolingana na alichosikia, si kilichosemwa. Katika dakika tano wanazungumza juu ya mama mkwe na juu ya deni la mwaka jana, na kijiko kimesahauliwa.

Hata hivyo, si bure kwamba lugha yetu imeunganisha mambo haya mawili. Zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, Mgiriki Aristotle alifundisha kwamba wema wa mtu hutokana na mazoea: tunakuwa wenye haki kwa kutenda haki mara nyingi, na wenye ujasiri kwa kutenda kijasiri mara nyingi. Mtakatifu Thomas wa Akwino aliyachukua mafundisho hayo na kuyaendeleza. Kwa hiyo hatuwezi kusema tu kwamba mazoea si kitu. Yapo mazoea yanayomjenga mtu au kumbomoa. Lakini yapo pia mazoea ambayo hayamfanyi mtu kuwa mwema wala mwovu. Kuvaa mkono wa kushoto wa shati kwanza hakumwongezei mtu uaminifu wala hakumpunguzii. Hekima ya unyumba ni kuzitambua aina hizi mbili, na kutoipigania ya pili kana kwamba ni ya kwanza.

Zinatoka wapi?

Tabia ndogo hazizuki bila sababu. Mwanafalsafa Mmarekani William James, katika kitabu chake cha saikolojia cha mwaka 1890, alieleza kwamba mazoea huipunguzia akili kazi. Jambo likishazoeleka, mwili hulitenda karibu wenyewe, na akili hubaki huru kushughulikia mengine. Ndiyo maana tabia nyingi ndogo hukaa kwenye mipaka ya siku: kuamka, kula, kutoka nyumbani, kurudi, kulala. Hapo ndipo mtu anahitaji kitu cha kushika ili siku isogee.

Tena nyingi zina historia. Mtu anayekula haraka huku mkono mmoja ukiwa karibu na sahani, huenda alikulia penye watoto tisa na sinia moja. Anayefungia sukari kabatini, huenda alisoma shule ya bweni ambako sanduku la bati lisilo na kufuli lilikuwa zawadi kwa wezi. Mama anayekunja na kuhifadhi kila mfuko na kila kamba, hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku nchini mwaka 2017, huenda alilelewa na nyanya ambaye hakutupa kitu. Na yule anayetikisa kufuli mara tatu, je, umewahi kumuuliza kama nyumba yao iliwahi kuvunjwa alipokuwa mtoto?

Wengi wetu hatujauliza. Tumeishi na tabia hiyo miaka kumi, tumeilalamikia miaka minane, na hatujui ilianza lini. Huenda ukiuliza utaambiwa, "Sijui, ni mazoea tu." Lakini huenda ukasikia habari ya usiku mmoja ambayo mwenzako hajawahi kumwambia mtu, na baada ya hapo sauti ya kufuli haitakuwa ile ile masikioni mwako.

Mwanamke aliyeona zaidi ya vituko

Mwingereza Samuel Johnson anakumbukwa kwa kamusi kubwa ya Kiingereza aliyoitoa mwaka 1755. Waliomfahamu walimkumbuka pia kwa vituko vyake. Alitingishika na kurusha mikono bila kutaka. Alipopita mlangoni alihesabu hatua ili mguu fulani ndio utangulie kuvuka kizingiti, na akikosea alirudi nyuma akaanza upya. Alikusanya maganda ya machungwa na kuyakausha, na mwaka 1775 rafiki yake James Boswell alipomuuliza anayafanyia nini, alikataa katakata kusema. Siku hizi baadhi ya matabibu wanaosoma habari zake hudhani kwamba alikuwa na ugonjwa wa neva. Zama zake, watu walimcheka tu.

Elizabeth Porter, mjane mwenye watoto watatu, alikutana na Johnson alipokuwa bado kijana asiye na mali wala jina, mwenye makovu usoni. Binti yake alisimulia baadaye kwamba mama yake aliyaona yote hayo, akayapita, akasema kwamba hajawahi kukutana na mtu mwenye busara kama huyu. Walifunga ndoa mwaka 1735. Ndoa yao haikukosa taabu: walikuwa na shida za fedha, na walikaa mbalimbali kwa vipindi. Elizabeth alifariki mwaka 1752, na Johnson aliitunza pete yake ya arusi katika kisanduku cha mbao hadi alipokufa yeye mwenyewe, miaka 32 baadaye.

Angalia alichofanya mwanamke yule. Hakujidanganya kwamba vituko havipo. Hakusema, "Nitamwoa kisha nitamrekebisha." Aliuliza jambo kubwa zaidi: huyu ni mtu gani? Akishapata jibu, vituko vilikaa mahali pake.

Nani anailipia?

Lakini usikimbie kuhitimisha kwamba dawa ni kuvumilia kila kitu. Tumsikilize na upande wa pili.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyeishi Königsberg (leo Kaliningrad, nchini Urusi) tangu 1724 hadi 1804, alisifika kwa utaratibu wake. Inasimuliwa kwamba majirani walijua saa kwa kumwona akitoka matembezi yake ya alasiri. Kila siku aliamka saa kumi na moja alfajiri. Watu husifu jambo hilo. Wanasahau kwamba aliyemwamsha ni mtumishi wake, Martin Lampe, ambaye alipaswa kuwa macho kabla yake, majira yote ya mwaka, kwa miaka ipatayo 40. Alikuwa ameagizwa asimwachie bwana wake alale zaidi hata akiomba. Utaratibu ulikuwa wa Kant, lakini sehemu ya gharama yake ililipwa na Lampe. Kant hakuoa, hakuwahi kuwa na mke wa kumwambia, "Leo mtoto hakulala, tuamke saa kumi na mbili."

Basi, ndugu msomaji wa kiume, nikuulize kwa upole. Umezoea ugali uwe mezani saa moja na nusu kamili, ukitoa moshi. Unaiita tabia yako ndogo. Ni nani anayetoka kazini akikimbia, akipanda matatu mbili, ili ugali huo utoe moshi saa hiyo? Umezoea pawe kimya kabisa wakati wa taarifa ya habari ya saa moja. Ni watoto gani wanaokatizwa kazi ya shule na kufukuzwa sebuleni ili kimya hicho kipatikane? Nawe, dada msomaji, umezoea mtu yeyote asikanyage sakafu uliyoipiga deki mpaka ikauke. Ni nani anayesimama nje kwenye baridi na mkoba mkononi, ndani ya nyumba yake mwenyewe?

Hapo ndipo pa kupimia. Usiulize kama tabia ni ya ajabu. Kila mtu ana za ajabu, na za kwetu wenyewe hatuzioni. Nyani haoni kundule. Uliza nani anailipia. Ikiwa anayelipa ni mwenye tabia mwenyewe, kwa dakika zake na jasho lake, mwachie. Kikombe cha bati hakimgharimu mtu. Ikiwa anayelipa ni mwingine, ana haki ya kutaja bei, na mwenye tabia ana wajibu wa kusikiliza. "Ndivyo nilivyo" si jibu kwa mtu anayekulipia.

Na anayeudhika tu, bila kugharimika? Huyo naye hana budi kujichunguza. Kero ni kitu halisi. Sauti ya kijiko inaweza kumchosha mtu aliyekwisha kuchoka. Anaweza kuomba. Lakini kuomba si kudai. Akiombwa, mwenzake anaweza kupunguza kwa mapenzi, na akikataa, hajakosa. Mwenye kutaka mwenzi asiye na lolote la kumuudhi anataka kuishi na kivuli chake mwenyewe. Kila ndege huruka kwa ubawa wake, hata waliojenga kiota kimoja.

Yasiyo tabia ndogo

Kuna mambo mawili ambayo hayamo katika mazungumzo haya, na ni lazima niyataje ili mtu asije akanisoma vibaya.

La kwanza ni kosa linalovaa vazi la tabia. "Huyu ni wa kupiga kelele, lakini ana moyo mzuri." "Huyu hukagua simu yangu kila jioni, amezoea tu." "Akilewa huwa na mkono mwepesi." Haya si mazoea ya kuvumiliwa. Kumtukana mwenzi, kumpiga, kumchunguza kama mfungwa, kumnyima fedha za nyumba, haya yanavunja ahadi mliyopeana. Usiyafunike kwa neno la upole. Anayepigwa atafute usalama kwanza, na msaada wa watu anaowaamini; mazungumzo ya uvumilivu yangoje.

La pili ni ugonjwa. Kuna mtu ambaye hutikisa kufuli mara tatu na kulala. Kuna mwingine ambaye hutikisa mara thelathini, hurudi kitandani, huinuka tena, analia kwa sababu anajua limefungwa na bado hawezi kuacha. Kuna anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka, au anayerudi nyumbani mara nne kuhakikisha kwamba jiko limezimwa, mpaka anachelewa kazini na kufutwa. Huyo hafanyi makusudi. Hajarogwa, wala si mwenye imani haba. Ni maradhi yanayojulikana na yanayotibika, kwa mazungumzo na mtaalamu na kwa dawa. Mpeleke kwa daktari, katika Hospitali ya Mathari au kliniki ya afya ya akili iliyo karibu nanyi. Usimcheke, na usimwambie aache, kwa maana hicho ndicho anachoshindwa.

Namna ya kusema

Tuseme jambo ni dogo kweli, nawe umeamua kulisema. Fanya hivi.

Kwanza, taja kitendo, usitaje mtu. Sema, "Mlio wa kijiko hunisumbua asubuhi," usiseme, "Wewe una tabia mbaya mezani." Sasa unajua kwa nini.

Pili, usiseme mbele ya watu. Mke anayemwiga mumewe mbele ya mashemeji, au mume anayemfanya mkewe kichekesho mbele ya marafiki, amechukua kitu alichokijua kwa sababu tu wanalala chumba kimoja, akakitoa uwanjani. Ukitaka kujua kama mnacheka pamoja au unamcheka, mtazame usoni. Kama yeye hacheki, acha. Na watoto wasikusikie, kwa sababu watalibeba hadi shuleni.

Tatu, uliza kabla ya kuomba. "Jambo hili ulilianza lini?" Swali hilo pekee limemaliza ugomvi katika nyumba nyingi.

Nne, toa kabla ya kudai. Nenda ukiwa na tabia yako mkononi: "Najua mimi huacha mlango wa kabati wazi, nawe hunyamaza. Nitajaribu kuufunga. Nisaidie na hili." Mazoea yana taabu, wala hayaachwi kwa siku moja, mwenzako akisahau wiki ya kwanza, si dharau.

Tano, kubali kushindwa katika mengine. Si kila jambo lina ufumbuzi. Mengine yanabaki, nanyi mnazeeka nayo.

Tabia ya wawili

Nimezungumza kana kwamba tabia ndogo ni mzigo tu. Zinaweza pia kuwa kamba inayowashika wawili penye upepo.

Charles Darwin, mtaalamu wa viumbe, alimwoa Emma mwaka 1839. Emma alikuwa Mkristo wa kweli, na alihuzunika kuona imani ya mumewe ikififia. Alimwandikia barua ya upole juu ya hofu yake hiyo, na Darwin aliitunza maisha yake yote. Aliandika juu yake kwamba mara nyingi ameibusu na kuililia. Jambo hilo, kubwa kuliko yote, hawakulimaliza kamwe.

Lakini jioni walikuwa na desturi. Waliketi wakacheza mchezo wa ubao, wa kete na dadu, michezo miwili kila usiku. Darwin alihesabu. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kule Marekani, akijigamba kama mtoto, kwamba yeye ameshinda michezo 2,795 na Emma, maskini, 2,490. Jumlisha: ni michezo 5,285, yaani zaidi ya jioni 2,600 za watu wawili ambao hawakukubaliana juu ya jambo lililokuwa kuu kwao, na bado kila jioni walivuta viti na kukaribiana.

Ninyi mna nini cha namna hiyo? Huenda ni chai ya mwisho baada ya watoto kulala. Huenda ni kusali pamoja kabla ya taa kuzimwa. Huenda ni kusindikizana hadi kituo cha basi kila Jumatatu. Jambo likiwa dogo, ni rahisi kulitenda hata siku mliyokosana, na siku hiyo ndiyo linapofaa zaidi.

Waulize wajane. Ukimuuliza mama aliyefiwa na bwana yake anakumbuka nini, mara nyingi hatakutajia kwanza shamba walilonunua wala sherehe ya miaka 25. Atakuambia jinsi alivyokohoa mara mbili kabla ya kufungua lango, na kwamba hadi leo, saa ile ikifika, masikio yake husikiliza. Wala si ajabu akikuambia kwamba kikohozi hicho alikilalamikia miaka mingi. Wageni walimjua marehemu kwa kazi zake na vyeo vyake. Mke alimjua kwa kikohozi hicho, na hakuna mwingine duniani aliyekijua hivyo.

Kwa mazungumzo yenu wawili

1. Kila mmoja ataje tabia ndogo moja ya mwenzake anayoipenda. Anzeni na hiyo.

2. Kila mmoja ataje tabia yake mwenyewe anayodhani inamgharimu mwenzake. Mwenzake aseme kama ni kweli.

3. Ni tabia gani ya mwenzako ambayo hujui chanzo chake? Muulize leo.

4. Ni jambo gani dogo mlilolifanya pamoja mlipooana, ambalo mmeliacha? Je, mnaweza kulirudia wiki hii?